Nukta Nyekundu Katika Vitabu vya Parokia

Nilianza kazi ya ukarani wa parokia siku ya Jumatatu, baada ya misa ya asubuhi, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na cheti cha darasa la saba. Parokia yetu iko kilimani, kando ya njia itokayo Kasulu kwenda Kibondo, mahali ambapo ukungu hukaa mpaka saa tatu na wino huchelewa kukauka. Kijiji sitakitaja, kwa sababu wengi wa watu ninaowaandika wako hai na tunapita njia moja.

Karani Mkuu aliitwa Mzee Filbert. Alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuniuliza habari za nyumbani. Alinipeleka kwenye beseni, akaniambia ninawe mikono kwa sabuni, nikaushe, kisha ninawe tena.

"Asubuhi umekula nini?" aliniuliza.

"Mihogo na karanga, Mzee."

"Karanga zina mafuta. Ukishika ukurasa mafuta yanabaki, na baada yako panya anakuja kusoma. Nawa mara ya tatu."

Ofisi ilikuwa na vitabu vitano vikubwa vyenye majalada magumu: cha Ubatizo, cha Kipaimara, cha Ndoa, cha Marehemu, na Kitabu cha Familia ambamo kila kaya ilikuwa na ukurasa wake. Kitabu cha Ubatizo ndicho mama wa vingine. Kila mtu ana mstari mmoja na namba moja, na namba hiyo humfuata mpaka kaburini. Akipata kipaimara, karani hurudi kwenye mstari wake na kuandika pembeni, katika safu ya Maelezo. Akifunga ndoa Mwanza au Tabora, parokia ya huko hutuma taarifa, nasi tunaiandika palepale. Kwa hiyo ukisoma mstari mmoja wa mtu mzima unaona maisha yake yote kwa ufupi.

Sheria ya kwanza niliyofundishwa ni kwamba kitabu hakifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa ili liendelee kusomeka, unaandika lililo sahihi juu yake, kisha unaweka jina lako na tarehe. Hairuhusiwi kukwangua kwa wembe, kupaka rangi nyeupe, wala kuchana ukurasa.

"Kinachofutwa ni daftari la duka," alisema Mzee Filbert. "Hapa hata kosa lina haki ya kubaki."

Siku ya nne alinionyesha jambo ambalo halikuandikwa katika mwongozo wowote. Alitoa penseli nyekundu kwenye mfuko wa shati, akafungua Kitabu cha Familia, akaniwekea kidole mbele ya jina la kaya moja. Palikuwa na nukta ndogo, kama mbegu ya ulezi.

"Huyu ni wa ng'ambo," alisema. Ng'ambo kwetu ni Burundi, upande wa pili wa mpaka. "Barua za watu wa ng'ambo huja kwa Kifaransa. Ukiona nukta, usihangaike kuisoma barua. Mpelekee Paroko. Na ukiandika ubatizo wa mtoto wa kaya yenye nukta, hamishia nukta kwenye mstari wa mtoto, maana huenda familia ikarudi kwao na taarifa zake zikatoka huko."

Nilimuuliza mtu anajulikanaje kuwa ni wa ng'ambo.

"Utamwona tu. Mrefu, uso mwembamba, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto."

"Simuulizi?"

Alinitazama kama mtu aliyetukaniwa mgeni. "Umuulize mtu asili yake, mbele ya mke wake? Wewe umelelewa na nani?"

Hapo msomaji aelewe desturi yetu. Katika nyanda hizi, kumuuliza mtu aliyekuja kukaa kwako ametoka wapi ni kama kumwonyesha mlango. Unampa kiti, unampa maji, na mengine atayasema mwenyewe akipenda. Mzee Filbert aliiheshimu desturi hiyo kwa dhati. Hakumwaibisha mtu kwa swali, alimtazama tu na kuandika alichokisia. Nami nikafundishwa kwamba kukisia kimya ni adabu.

Paroko wangu wa kwanza alikuwa Mzungu mzee aliyekijua Kiha kutuzidi vijana. Kila mwanzo wa mwaka alitukusanya makarani na makatekista, na maneno yake yalikuwa yaleyale: "Mbele ya dawati lako hakuna Muha, Mrundi wala Mzungu. Kuna jina la baba, jina la mama na tarehe." Tuliitika kwa sauti moja. Penseli nyekundu ilikuwa mfukoni mwangu wakati naitika, wala sikuona kwamba vitu hivyo viwili vinapingana. Sidhani kama yeye aliwahi kuulizia nukta zile. Kwake yeye zilikuwa njia ya karani kupanga barua.

Mzee Filbert alipostaafu nilirithi meza, beseni na penseli. Mwaka uliofuata Venansi, fundi mwashi aliyejenga ukuta wa kanisa letu, alileta mchumba kutoka upande wa Nyakitonto, huko Kasulu. Aliitwa Melania. Alimzidi Venansi kwa kichwa kizima, na wanakwaya hawakuuzuia mdomo.

"Fundi amejipatia ngazi yake," walisema. "Sasa hata paa la mnara atalifikia."

Venansi alicheka kuliko wote. Melania alicheka kidogo, kwa sauti ya chini, mkono mdomoni. Sauti hiyo ya chini ndiyo niliyoisikia.

Kabla ya ndoa tunahitaji barua ya uhuru, yaani barua ya paroko wa kwao kuthibitisha kwamba mtu amebatizwa na hajafunga ndoa kwingine. Barua ya Melania ilikuja na mistari miwili tu, na muhuri uliolowa mvua. Majina ya wazazi hayakuwemo. Utaratibu uliniambia niandike kuomba dondoo kamili, yaani nakala ya mstari wake mzima. Sikuandika. Tangazo la ndoa lilikwisha kusomwa mara tatu kanisani, na wageni walikuwa njiani. Nilimtazama Melania akiwa amesimama karibu na dirisha, urefu ule, uso ule, nikaweka nukta mbele ya jina lake katika Kitabu cha Ndoa. Baadaye niliihamishia katika Kitabu cha Familia. Walipozaliwa Dismas na dada zake wawili, niliihamishia kwenye mistari yao pia. Kutazama kwangu mara moja kulizaa nukta tano, na zote zilifuata utaratibu.

Venansi alifariki mapema kwa homa. Melania akabaki, akalima shamba la mumewe, na parokia ikamwajiri kufundisha chekechea. Alifundisha kwa miaka mingi. Wanangu wawili walijifunza kushika kalamu kwake.

Kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa upya kupokea Warundi, Paroko wa pili alinikopesha huko kwa miaka miwili kuanzisha vitabu vya kanisa la kambini. Tuliandikia chini ya turubai, na watu walijipanga toka alfajiri, kwa maana wengi walikuwa wamepoteza vyeti vyote njiani. Msaidizi wangu alikuwa Onesimo, katekista mkimbizi, mtu wa miaka hamsini hivi. Siku ya kwanza aliniona nikichonga penseli nyekundu, akauliza ni ya nini. Nikamweleza, nikaongeza kwamba hapa kambini haina kazi, maana wote ni wa ng'ambo.

Hakucheka. Alisema kwa Kiswahili chake cha Bujumbura: "Karani, mimi nakuomba kitu kimoja. Hiyo kalamu irudishe kwenu. Kwetu hawakuanza na mapanga. Walianza na mtu wa ofisi, mtu muzuri kabisa, anaandika liste ya majina, anaweka alama."

Nilimwambia alama yangu ni ya barua tu.

"Hata yake ilikuwa ya kitu tu," alisema, akageukia mtu aliyefuata kwenye foleni.

Niliirudisha penseli kwenye begi na sikuitoa tena kambini. Nawaambia ninyi vijana mnaoingia katika ofisi hizi: nililisikia onyo lile na nikalihurumia, lakini nililiona kuwa ni la kwao. Vitabu vyangu vya kilimani sikuvikumbuka hata mara moja.

Niliporudi nilimkuta Paroko wa tatu, kijana, na hali ya vijijini ilikuwa imebadilika. Uwepo wa kambi ulikuwa umeamsha maneno ya zamani. Shuleni watoto waliitana "mkimbizi" kama tusi, na aliyeitwa hivyo hakuwa mkimbizi bali mtoto wa kwetu aliyezaliwa na sura fulani. Mwanamke mwembamba alisogezwa nyuma ya foleni ya mashine ya kusaga. Watu waliokaa na majirani zao vizazi viwili walianza kutazamwa pua.

Halmashauri ilimleta Afisa Maendeleo ya Jamii, Bi Zuhura, Mwislamu kutoka Tanga, mama mwenye maneno machache na daftari kubwa. Alikuja parokiani wiki yake ya kwanza, akakaa na Paroko asubuhi nzima. Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu.

"Baba Paroko," alisema, "mimi nina sheria na gari bovu. Wewe una watu kila Jumapili. Tukigawana kazi tutafika."

Ikaundwa Kamati ya Ujirani Mwema. Wajumbe wake walikuwa Paroko, Bi Zuhura, imamu wa sokoni, mtendaji wa kata na wenyeviti wa vijiji, nami nikawa katibu. Walimu wakuu walikubaliana adhabu kwa neno "mkimbizi". Kamati za maji ziliandika kwamba foleni ni ya ndoo wala si ya mtu. Paroko alihubiri, imamu alihubiri, na mtendaji wa kata alisoma mahubiri yote mawili kwenye mkutano wa kijiji kama tangazo la serikali. Watu walicheka, lakini walisikia.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa ya vitambulisho. Watu wa mpakani wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, na wenye sura za kushukiwa ndio walioumia zaidi. Kamati ilikubaliana na maofisa wa uhakiki wa uraia kwamba kumbukumbu za ubatizo zipokelewe kama ushahidi wa mahali pa kuzaliwa. Nilijivunia sana. Vitabu nilivyovilinda na panya miaka yote sasa vingewatetea watu.

Utaratibu sahihi ni karani kuandika dondoo: ananakili mstari wa mtu kutoka kitabuni, anauandika kwenye fomu, anapiga muhuri. Dondoo halibebi alama za ofisi. Lakini siku ya kwanza foleni ilizunguka kanisa, na halmashauri ilikuwa imeleta mashine ya kutoa nakala. Mimi mwenyewe ndiye niliyependekeza tutoe nakala za kurasa nzima tupige muhuri, tuokoe muda. Kwenye nakala zile nukta nyekundu ziligeuka nyeusi, zikaonekana kama zimechapwa pamoja na kitabu. Ofisa mmoja kijana aliuliza maana yake. Akamkuta katekista mstaafu aliyezijua, naye akajibu kwa ukweli wake: "Hao ni wa ng'ambo." Tokea hapo kila fomu iliyoambatana na ukurasa wenye nukta iliwekwa pembeni.

Melania alikuja ofisini siku ya Alhamisi, baada ya kuwatoa watoto wa chekechea. Alikuwa na bahasha. Barua ilisema ana siku kumi na nne za kufika mbele ya kamati ya uhakiki na ushahidi wa uraia, la sivyo ataelekezwa kambini kuandikishwa pamoja na wenzake.

"Karani," alisema, "eti wenzangu wako Nduta."

Nilitazama nakala iliyobanwa nyuma ya barua. Kwa kuwa hakubatizwa kwetu, ulikuwa ukurasa wa Kitabu cha Ndoa, mwandiko wangu wa ujana, na nukta yangu.

"Shamba la Venansi litakuwaje?" aliuliza. "Na kaburi lake liko palepale shambani. Nani atalipalilia?"

"Nitafuatilia, Mama Dismas."

Hilo ndilo neno letu la ofisini tunapotaka mtu aondoke. Alikunja barua taratibu, akaondoka.

Kesho yake asubuhi nilimwambia Paroko kila kitu, nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani anajua maana ya nukta hizi zaidi yako?"

"Mzee Filbert ni marehemu. Labda makatekista wazee, Baba."

"Utaiambia kamati ya uhakiki," alisema. "Lakini mwambie yeye kwanza. Asiipate habari yake kwa watu."

Nilimkuta darasani. Watoto walikuwa wanaimba hesabu, moja mpaka kumi, kisha wanaanza upya. Alitoka nje, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta alioujenga mumewe. Nikamweleza.

"Uliniuliza?" alisema.

"Hapana."

"Venansi ulimuuliza?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ulitazama."

"Nilitazama."

Watoto walifika kumi, wakaanza tena.

"Basi nenda ukaseme hivyohivyo," alisema. "Usiongeze adabu."

Siku tatu baadaye Bi Zuhura alinichukua kwenye gari lake bovu mpaka Kasulu, kisha tukapanda njia ya Nyakitonto. Karani wa parokia alikobatizwa Melania alikuwa kijana mwangalifu, na nilifurahi kuona ananawa mikono. Tulipekua kitabu kwa saa mbili, kwa sababu tulijua mwaka tu. Tulimpata. Alibatizwa akiwa na siku kumi na mbili. Baba na mama ni wa kijiji hichohicho, na katika Kitabu cha Familia babu na bibi wa pande zote mbili ni wa kata hiyohiyo. Urefu aliurithi kwa bibi yake, alituambia mzee mmoja tuliyemkuta nje ya ofisi. Bibi huyo aliitwa Mlingoti. Niliandika dondoo kwa mkono wangu, polepole, jinsi nilivyopaswa kuliandika tangu mwanzo.

Kamati ya uhakiki ilikaa kwenye ofisi ya kata. Mwenyekiti wake alikuwa Afisa Uhamiaji, mtu wa pwani, umri wa mwanangu mkubwa, mpole wa maneno. Chumba kilijaa, na waliokosa nafasi walisimama madirishani.

"Mzee wangu," aliniambia, "tueleze nukta hii ni nini."

Nilieleza habari ya barua za Kifaransa. Akaandika.

"Na mama huyu, ulipata wapi taarifa kwamba ni wa ng'ambo?"

"Sikuipata popote. Nilimtazama."

"Ulitazama nini?"

"Urefu. Pua. Na anaongea kwa sauti ya chini."

Mtu mmoja dirishani alicheka, akanyamazishwa. Afisa aliweka kalamu chini.

"Sheria niliyopewa haina pua, Mzee. Imeandikwa kuzaliwa, wazazi, makazi. Nilipoona nukta kwenye kitabu cha kanisa nikadhani kanisa linajua kitu ambacho mimi sikijui."

"Kanisa halikujua," nilisema. "Ni mimi."

Bi Zuhura akawasilisha dondoo la Nyakitonto. Afisa alilisoma mara mbili, akalipitisha kwa wajumbe, akatangaza kwamba fomu ya Melania imepita. Watu walianza kusimama. Melania hakusimama. Alinyoosha mkono kama watoto wake wa chekechea.

"Nashukuru," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akipaza sauti. "Karatasi ya Nyakitonto imenisafisha. Lakini jirani yangu Mzee Bukuru, baba yake alivuka mpaka kweli. Yeye Bukuru amezaliwa hapa, amezika hapa, na Venansi alijifunza uashi kwake. Nukta yake siyo ya uongo. Karani hana pa kwenda kumtafutia karatasi. Sasa mkinipitisha mimi kwa sababu pua yangu imesingiziwa, mnasema pua ya Bukuru imeshuhudia kweli."

"Mama, shauri la leo ni lako."

"Najua, baba. Ndiyo maana nalisema leo, siku ambayo mnanisikiliza."

Afisa alizungumza na wajumbe kwa sauti ya chini, kisha akasema yafuatayo, nami niliyaandika kama katibu wa Ujirani Mwema. Kwamba hakuna fomu itakayowekwa pembeni kwa sababu ya alama ya kitabuni. Kwamba zote zilizowekwa pembeni zitasikilizwa upya, kila mtu kwa maelezo yake na mashahidi wake. Kwamba waliozaliwa na wazazi waliovuka wana njia yao katika sheria, na ofisi itawaelekeza hatua kwa hatua wakiwa majumbani mwao, si kambini. Bi Zuhura alimuuliza Melania kama ana la kuongeza.

"Moja," alisema. "Siku za ubatizo nikae mezani na karani. Nataka kusoma kila mstari kabla wino haujakauka."

Paroko alikuwa amesimama mlangoni. "Utakaa," alisema.

Iliyobaki ilikuwa kazi, na ilichukua miaka yangu mitatu ya mwisho. Kitabu hakifutwi, kwa hiyo nukta hazikuweza kuondolewa. Nilizipitia moja moja, na pembeni ya kila moja, katika safu ya Maelezo, niliandika kwa wino mweusi: "Alama hii iliwekwa na karani kwa kukisia. Haithibitishi asili ya mtu." Kisha jina langu na tarehe. Za Mzee Filbert niliziandikia pia, nikaweka jina lake na langu. Tulikwenda kigango kwa kigango, yaani kila kanisa dogo la kijiji chini ya parokia, mimi, Bi Zuhura na mwenyekiti wa kijiji, tukamwita kila mwenye nukta, tukamwonyesha mstari wake, nikaandika mbele yake. Wengine walirudia kusoma mstari wao. Wengine walitania. Mzee mmoja mfupi, mnene, aliyefuatana na mkewe mrefu, alichungulia ukurasa akasema, "Karani, mke wangu umempa, mimi umeninyima. Nilikukosea nini?" Kuna mwanamke aliyetaka kujua kama mwanawe aliyekataliwa kazi ya ulinzi alikataliwa kwa sababu yangu. Sikujua. Nilimwambia sijui, na hilo ndilo jibu gumu kuliko yote niliyotoa.

Kigango cha Mzee Bukuru tulikifikia mwezi wa pili. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa kwa kamba. Hakuwa amengoja kusikilizwa. Tangu barua ya kwanza alikuwa amejisikia mgeni, majirani wakatuambia, na siku moja alibeba godoro na vifaa vya uashi, akaelekea ng'ambo, nchi aliyoisikia kwa baba yake tu. Afisa Uhamiaji alipeleka ujumbe kwa watu wa mpakani kwamba anaweza kurudi na atasikilizwa. Hajarudi. Niliandika maelezo pembeni ya mstari wake kama wa wengine. Kwa kuwa mwenyewe hayupo, niliyasoma kwa sauti mbele ya Melania, jirani yake. Alisikiliza akiwa amefunga macho. Aliniambia niongeze maneno mawili, nikayaongeza: "Alizaliwa hapa."

Nilistaafu nikiwa na miaka hamsini na mitano, kwa sababu ya macho. Paroko alisema maneno mazuri ambayo sikuyastahili yote, na imamu wa sokoni alinipa kanzu iliyonipwaya. Tangu hapo nimekuwa na muda wa kufikiri juu ya kazi yangu. Nilidhani ubaguzi ni wa watu wenye chuki, na chuki sikuwa nayo. Nilikuwa na mwandiko mzuri, mikono safi na haya ya kuuliza. Ukarani hauhitaji moyo mbaya ili uumize. Mtu anaweza kuumizwa na jambo dogo lililowekwa mahali pake kila siku, na karani anayefuata akaliheshimu kwa sababu amelikuta. Kwa hiyo nawaomba mnaotupokea kazi sasa, hata mnaoandika kwa kompyuta: kila alama mliyoikuta, ulizeni ni ya nini na nani ataisoma baada yenu. Na kama hamjui jambo la mtu, muulizeni mwenyewe, kwa heshima, faraghani. Kukisia kwa adabu ni dharau iliyonawa mikono.

Melania na mimi tunasalimiana. Hatuongei sana. Sijamwomba anisamehe mara ya pili. Mara ya kwanza aliniambia atafikiri, na naona bado anafikiri. Kila Jumapili ya ubatizo hukaa mezani pembeni ya karani mpya, na miwani yake, na watu wamezoea kumwona.

Mwezi uliopita tulimbatiza mjukuu wangu. Nilisimama kwenye foleni pamoja na wengine. Karani aliandika: jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, tarehe. Kisha alimsogezea Melania kitabu. Aliweka kidole mwanzoni mwa mstari, nukta zilipokuwa zikikaa, akakisogeza polepole mpaka mwisho, kwenye safu ya Maelezo, akanitazama juu ya miwani.

"Pako wazi," alisema, akamwita mtoto aliyefuata.